Zabibu za mvinyo mtamu wenye nguvu kandokando ya Ziwa Victoria: dalili, visababishi na tiba

Mkulima wa Ilemela, Magu au Misungwi mkoani Mwanza anayepanda mizabibu kwa ajili ya mvinyo mtamu wenye nguvu, yaani ule ambao uchachukaji wake husimamishwa kwa kuongezwa spiriti wakati sukari bado imo, kwa kawaida huwa amejifunza kilimo hicho kutoka Dodoma, na hapo ndipo matatizo yake mengi yanapoanzia. Dodoma na Mwanza zinakaribiana kwa mwinuko, kwani zote ziko kati ya mita 1,100 na 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lao la mchana halipishani sana. Kinachozitofautisha ni mvua. Dodoma hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, au pungufu, katika msimu mmoja unaoanza Desemba na kuishia Aprili. Mwanza hupata milimita 1,000 na zaidi, zikigawanyika kati ya vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na hata Januari na Februari haziwi kavu za kuaminika. Juu ya hayo kuna unyevu wa ziwa lenyewe na mvua za radi zinazonyesha usiku na alfajiri, ambazo huyaacha majani yakiwa mabichi hadi jua lipande.

Kwa sababu hiyo, dalili nyingi zinazoelezwa hapa, ziwe zimeonekana kwenye jani, kwenye kichala au ndani ya pipa, hurudi kwenye swali moja ambalo ni vyema liulizwe kabla ya kununua dawa yoyote: mizabibu ilipogolewa tarehe gani? Katika nchi za joto mzabibu haulali usingizi wa baridi. Kila unapopogolewa huanza mzunguko mpya, na tangu kupogoa hadi kuvuna hupita takriban miezi minne, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na aina. Kwa hiyo anayepanga tarehe ya mavuno ni mkulima mwenyewe. Kwenye mwambao wa Mwanza, dirisha la kweli la zabibu za mvinyo mtamu ni moja tu, kuanzia Agosti hadi katikati ya Septemba, na ili kulifikia inabidi kupogoa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Machipukizi hupata mabaki ya masika, maua hufunguka Juni mvua ikiwa imekatika, na punje huiva katika miezi mikavu kuliko yote.

Mavuno ya pili, yale ya Januari au Februari ambayo mkulima wa Dodoma huyazoea kwa wakati unaokaribiana na huo, huku yanafaa kwa zabibu za kula au yaachwe kabisa. Maoni yangu ni kwamba yaachwe. Huko Maharashtra nchini India, wakulima wengi wa zabibu hupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara moja: kupogoa kwa kwanza hutengeneza matawi, kwa pili huleta matunda. Mpango wa namna hiyo unaufaa mwambao wetu kuliko ule wa kuulazimisha mzabibu uzae wakati wa mvua.

Macho yanafumuka nusunusu

Baada ya kupogoa, macho mawili au matatu ya nchani mwa tawi yanachipua kwa nguvu huku ya katikati yakibaki yamelala. Hili si ugonjwa. Mzabibu ambao haukupata kipindi cha baridi hauna kitu cha kuyaamsha macho yote kwa pamoja, na yale ya nchani yakitangulia huyazuia yaliyo nyuma yake. Matokeo yake huonekana miezi minne baadaye: katika mti mmoja vichala vingine vimeiva na vingine vina ukali wa ndimu, na mkamuo wake hauwezi kutoa mvinyo ulio sawa.

Tiba huanza kabla ya mkasi. Umwagiliaji upunguzwe wiki mbili au tatu kabla ya kupogoa, ili mzabibu uache kukua, na majani ya zamani yaondolewe. Matawi yakatwe mafupi, yakibakishwa macho mawili au matatu, isipokuwa kwa aina ambazo hazizai kwenye macho ya chini, na hizo tawi lake refu hukunjwa na kufungwa kwenye waya kwa upinde ili nguvu ya nchani ivunjike. Mashamba makubwa ya nchi za joto hutumia haidrojeni sayanamaidi, ambayo hupakwa kwenye macho ndani ya siku mbili tangu kupogoa. Inafanya kazi, lakini ni sumu kali, na ina tabia moja ambayo mtengenezaji wa mvinyo hana budi kuijua: mtu aliyeigusa au kuivuta kisha akanywa kileo, hata siku hiyo ikiwa imepita, anaweza kuugua vibaya. Asiye na mavazi kamili ya kujikinga na asiyeweza kuwazuia vibarua wake wasipitie kilabuni jioni asiitumie.

Mzabibu umestawi, vichala havipo

Hapa mkulima hutafuta kosa katika msimu huu, ilhali kosa lilitokea msimu uliopita. Vichala huumbwa ndani ya macho mapema, karibu na wakati ambapo mzunguko uliotangulia ulikuwa kwenye maua, na kinachovifanya viumbike ni mwanga unaoliangukia tawi. Kama wakati huo majani yalikuwa yamefunikana, au mzunguko ulipita chini ya mawingu ya vuli, macho yataleta machipukizi yenye vikonyo vya kujishikiza tu. Tawi litakalobaki kama tegemeo la msimu ujao lichaguliwe miongoni mwa yaliyoota juani, lenye unene wa penseli, lenye rangi ya kahawia na si la kijani kibichi.

Samadi nayo ina lawama yake. Usukumani samadi ya ng'ombe haiadimiki, na mkono ni mwepesi kuimwaga. Naitrojeni ikizidi, mzabibu hukimbilia majani na maua hupukutika. Maua yakiwa yametoka vizuri lakini kichala kimebaki na punje kubwa chache zilizochanganyika na vijipunje visivyo na mbegu, na shamba liko kwenye mchanga wa luseni, upungufu wa boroni au zinki ushukiwe kwanza. Kiasi kidogo kinachopuliziwa majani kabla ya maua hutosha, na boroni ikizidi kidogo tu huunguza.

Sukari imegoma kupanda

Hili ndilo tatizo lenye gharama kubwa kuliko mengine, na ni vyema kuonyesha kwa hesabu. Chukua mkamuo wenye Briksi 26 (Briksi ni kipimo cha utamu wa mkamuo, karibu sawa na asilimia ya sukari kwa uzito), ambao una takriban gramu 275 za sukari kwa lita. Kila gramu 17 hivi zinazoliwa na hamira hutoa asilimia moja ya kileo. Ukiuachia mkamuo huo uchachuke hadi asilimia 6, zitakuwa zimetumika gramu 102 na kubaki 173. Ukiongeza spiriti ya asilimia 77 hadi mvinyo ufike asilimia 18, ujazo unaongezeka na sukari inabaki karibu gramu 144 kwa lita. Huo ni mvinyo mtamu. Fanya hivyohivyo kwa mkamuo wa Briksi 20, wenye gramu 205 hivi, na utaishia na gramu 85, ambazo mnywaji atazihisi kama utamu uliokatishwa njiani, ukali wa spiriti ukiwa umekaa juu yake. Mvinyo mkavu unaweza kuvumilia zabibu za Briksi 20 au 21. Mvinyo huu hauwezi, na lengo lisishuke chini ya 24.

Kabla ya kuulaumu mzabibu, kilaumiwe kipimo. Punje moja iliyochumwa kwenye bega la kichala upande wa jua husoma juu kuliko wenzake, na mkulima anayechuma punje anazozitamani hujidanganya kila wiki. Zichumwe punje mia moja kutoka mistari mbalimbali, pande zote mbili za mstari, juu, katikati na chini ya vichala, zipondwe pamoja na tone lichukuliwe kwenye mchanganyiko huo. Refraktomita, yaani kifaa kinachosoma sukari kwenye tone hilo, isawazishwe kwa maji safi, na kama si ya aina inayojirekebisha kwa joto, isitumike ikiwa imeachwa juani.

Kipimo kikiwa sahihi na sukari bado imekwama kwenye 17 au 18 kwa wiki mbili, angalia kwanza uwiano wa majani na matunda. Kichala kimoja cha kawaida kinahitaji majani kama 12 hadi 15 yenye afya ili kiive vizuri, na mzabibu uliobebeshwa vichala viwili kwa kila chipukizi hauwezi kuvilisha vyote. Vichala vipunguzwe punje zikiwa bado ndogo kama mbegu za pilipili manga, kibaki kimoja kwa kila chipukizi. Ukisubiri hadi zibadilike rangi utakuwa umechelewa, kwa kuwa mti umeshatumia nguvu zake kwenye mzigo unaoutupa. Najua inauma kuona kichala kizima kikiangushwa chini, na mara nyingi mwenye shamba huagiza kazi hiyo ifanyike siku asiyokuwapo.

Sababu ya pili ni maji. Shamba lililo karibu na ziwa lina pampu, na pampu hushawishi. Tangu punje zianze kulainika, umwagiliaji upunguzwe pole pole hadi nusu au chini yake. Lengo ni kuzuia nchani mwa machipukizi pasiendelee kukua, na wala si kuukausha mti, kwani majani ya chini yakianza kuanguka kiwanda cha sukari kinafungwa. Mvua ya ghafla ya Septemba nayo hushusha Briksi kwa siku kadhaa, na kwa zabibu zisizopasuka dawa yake ni kungoja jua lirudi. Sababu ya tatu haina tiba: virusi vinavyoyakunja majani. Katika aina nyekundu majani ya chini hugeuka mekundu huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na kingo hujikunja kuelekea chini. Mti huo utaendelea kuzaa, ila hautaivisha. Ung'olewe, na vipando vipya vitoke kwenye miti mama iliyokaguliwa, kwa mfano kupitia kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, badala ya kukatwa kwa jirani eti kwa kuwa vinagawiwa bure.

Ipo njia ya kuongeza sukari ambayo mwambao huu unaimudu vizuri, nayo ni kuanika. Huko Jerez nchini Hispania, zabibu za Pedro Ximénez huanikwa juani baada ya kuvunwa, na mvinyo wake ni miongoni mwa mitamu kuliko yote duniani. Agosti, majira ambayo familia za Kisukuma huwa zimeanika michembe ya viazi vitamu, ina jua la kutosha kufanya vivyo hivyo. Vichala vizima visivyo na jeraha vipangwe kwa safu moja juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, vifunikwe jioni ili visipate umande, na vigeuzwe. Sinia moja ipimwe uzito kila siku: zabibu za Briksi 20 zikipoteza sehemu moja ya tano ya uzito wake, mkamuo utakaribia 25. Vichanja hivyo viwe mbali na vile vya dagaa, kwa sababu ya inzi na kwa sababu ambazo pua itazieleza yenyewe.

Sukari ipo, uchachu wa tunda haupo

Kinyume cha tatizo lililotangulia hutokea kwa mkulima aliyesubiri sana. Briksi imefika 28, lakini mkamuo una ladha bapa, rangi yake inageuka kahawia upesi, na kipimo cha pH, ambacho hupanda asidi inapopungua, kinasoma 4 au zaidi. Katika joto, asidi ya maliki ndani ya punje huliwa usiku na mchana, na usiku wa Mwanza, wenye nyuzi 17 au 18 za Selsiasi, hauipunguzi kasi kama usiku wa nyanda za juu. Potasiamu ikizidi udongoni huongeza tatizo, kwa hiyo majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga shambani kwa nia njema, yasipelekwe kwenye mizabibu.

Upungufu huu haupaswi kuchukuliwa kama suala la ladha pekee. Mvinyo wenye pH ya juu hauhifadhiki, na salfaiti inayowekwa kuulinda hupoteza nguvu yake kubwa. Kwa hiyo vipimo viwili viende pamoja: uvunaji uanze Briksi ikiwa imepita 24 na kabla pH haijavuka 3.7 au 3.8. Kama imevuka, asidi ya tartari iongezwe kwenye mkamuo kabla ya hamira, kwa kiasi cha gramu 1 hadi 2 kwa lita. Kila gramu hushusha pH kwa takriban 0.1, na ikiongezwa mapema huungana na mvinyo vizuri kuliko ikiongezwa mwishoni. Uchaguzi wa aina nao husaidia. Chenin Blanc hushikilia asidi yake vizuri katika joto, ingawa vichala vyake vimebanana na huoza kirahisi. Muscat of Alexandria, ambayo Afrika Kusini huitwa Hanepoot na hutengenezewa mvinyo mtamu wenye nguvu, ina harufu isiyo na mfano lakini asidi kidogo. Makutupora nyekundu ni rahisi kuipata na imezoea nchi yetu. Kwa anayeanza, ningechagua Makutupora, na mistari michache ya Muscat iwe ya kujifunzia.

Ukungu na uozo

Magonjwa mawili huchanganywa, na dawa ya moja haiutibu mwingine. Ubwiri vinyoya huonekana juu ya jani kama madoa ya njano yanayong'aa mfano wa mafuta, na chini ya doa, hasa asubuhi, kuna utandu mweupe wa vinyoya. Huhitaji maji juu ya jani, na ndiyo maana hushambulia mzunguko uliokutana na masika au vuli. Ubwiri unga ni vumbi jeupe la kijivu pande zote za jani na juu ya punje. Huo hauhitaji jani kulowa, unapenda kivuli na hewa iliyotuama, na unaweza kuvuma katikati ya Juni kavu. Punje iliyoshikwa nao ikiwa changa hupasuka inapokua, na kupitia ufa huo huingia kila kitu kingine.

Kwa ubwiri vinyoya hutumika dawa za shaba, kama mrututu uliochanganywa na chokaa kwa mtindo wa Bordeaux, na lazima zitangulie mvua badala ya kuifuata. Shaba haiozi udongoni na huwadhuru samaki, hivyo mashine isioshewe ziwani. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo shamba lenyewe halitakiwi kuwa hapo. Kwa ubwiri unga hutumika salfa, inayopulizwa asubuhi au jioni, kwa kuwa joto likipita nyuzi 32 hivi huweza kuunguza majani. Salfa isimamishwe wiki nne kabla ya kuvuna. Mabaki yake yakiingia kwenye chombo, hamira huyageuza kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza, na mkulima atakayekutana na harufu hiyo siku ya pili ya uchachukaji ajue kwamba jibu liko kwenye daftari lake la kupuliza dawa.

Uozo wa siki ni jambo jingine. Punje zimekuwa kahawia, zinachuruzika, vijinzi vidogo vimezizunguka na harufu ya siki inasikika hata kabla ya kufika kwenye mstari. Hapo hakuna dawa, kuna kukata na kutoa nje ya shamba. Kinga yake ni kuzuia majeraha: ndege, manyigu na nyuki. Nyavu za dagaa zilizochakaa zinapatikana kwa bei ndogo katika mialo mingi na hufunika mistari vizuri, mradi zisigandamane na vichala na ziondolewe mara baada ya mavuno, kwani tundu zake ndogo hupunguza upepo.

Wapo wanaosikia habari za kuvu ya Botrytis, ile inayotengeneza mvinyo mtamu maarufu wa Sauternes huko Ufaransa, wakaona ukungu wa kijivu shambani na kuupa matumaini. Ile huhitaji ukungu wa asubuhi unaofuatwa na mchana mkavu, tena kwenye punje zilizokwisha kuiva, siku baada ya siku. Huku, ukungu wa kijivu uchukuliwe kuwa uozo.

Punje zilizoungua upande mmoja

Madoa ya kahawia yaliyodidimia upande wa magharibi wa kichala ni jua la alasiri. Mara nyingi husababishwa na mkono ulioyaondoa majani yote kwa pamoja punje zikiwa zimeshalainika. Majani yaondolewe upande wa mashariki tu, mapema, mara baada ya punje kushika. Ya magharibi yabaki kama kivuli. Katika mistari inayoelekea mashariki na magharibi, kumbuka kwamba Juni hadi Agosti jua letu liko kaskazini, na huo ndio upande wa kuacha majani.

Mti unanyauka bila dalili kwenye jani

Chimba. Kwenye mchanga wa luseni uliowahi kulimwa nyanya, mizizi yenye vinundu ni kazi ya minyoofundo, na suluhisho la kudumu ni mche uliobebeshwa kwenye shina linaloihimili. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, mizizi myeusi inayonuka ni maji yaliyotuama. Huko usipande zabibu hata kidogo. Vijitundu na udongo kwenye shina ni mchwa, ambao huanzia kwenye nguzo za mbao.

Uchachukaji unakimbia kuliko spiriti

Mkamuo uliojaa sukari, uliovunwa mchana na kuwekwa kwenye pipa la plastiki ndani ya banda la bati, unaweza kupita kiwango kinachotakiwa usiku mmoja mkulima akiwa amelala. Asubuhi sukari imekwisha, na spiriti itakayoongezwa itatengeneza mvinyo mkavu mkali usio na mnunuzi. Vuna alfajiri, kamua kabla ya saa nne, tumia vyombo vidogo badala ya kimoja kikubwa, na tumbukiza chupa zilizojaa maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa na kuoshwa, ili joto lisipite nyuzi 28. Kipimo kichukuliwe kila baada ya saa tatu au nne, kwa haidromita, yaani kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa mkamuo ukilinganishwa na maji. Refraktomita iwekwe kando tangu hamira ianze kazi, kwa sababu kileo huifanya isome uongo. Mkamuo ulioanza na 1.110 utakuwa na takriban asilimia 6 ya kileo haidromita inaposhuka hadi 1.064 au 1.065. Spiriti iwe imeshapimwa na iko tayari kabla ya saa hiyo.

Kiasi cha spiriti kinapatikana kwa utoaji wa kawaida. Toa kileo ulichonacho kwenye kileo unachokitaka, 18 kutoa 6, upate 12. Toa unachokitaka kwenye nguvu ya spiriti, 77 kutoa 18, upate 59. Kwa kila lita 59 za mvinyo unahitaji lita 12 za spiriti, yaani karibu lita 10.2 kwa lita 50. Ukitumia ya asilimia 96 utahitaji lita 7.7 hivi. Lita zinazohesabiwa ni za kimiminika kilichokwisha kukamuliwa, bila maganda.

Kuhusu spiriti yenyewe sina lugha ya kupamba. Iwe ya kiwango cha chakula, yenye hati ya muuzaji. Spiriti ya viwandani, ya kusafishia au ya kuwashia, huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na hakuna kuchuja wala kuchemsha kwa nyumbani kunakoiondoa kwa usalama. Gongo ni haramu kisheria na haina kipimo. Anayekusudia kuuza apitie TBS (Shirika la Viwango) na TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kununua pipa la kwanza.

Spiriti imeongezwa, mapovu yanaendelea

Spiriti ni nyepesi kuliko mkamuo mtamu, hivyo ikimiminwa taratibu hukaa juu na hamira huendelea kula chini. Koroga kwa dakika kadhaa hadi chini kabisa, ngoja saa moja, kisha koroga tena. Kama siku ya pili haidromita bado inashuka, kileo hakijafika 16 au 17, ama kwa sababu spiriti ilikuwa dhaifu kuliko ilivyoandikwa au kwa sababu lita zilikosewa. Ongeza kidogo kidogo. Mapovu machache bila kushuka kwa kipimo ni gesi iliyokuwamo, inatoka. Wingu linalotokea baada ya kuongeza spiriti nalo lisitishe, kwani pektini na protini hujitenga kileo kinapopanda, na baada ya wiki chache hutulia chini na mvinyo ukahamishwa.

Nyuzi za pamba ndani ya mvinyo

Wengi huamini kwamba mvinyo wenye asilimia 18 ya kileo hauharibiki tena. Bakteria wa siki kweli hawauwezi, lakini wapo bakteria wa jamii ya Lactobacillus wanaoishi hata kwenye kileo cha asilimia 20, na katika mvinyo mtamu wenye pH ya juu hutokea kama nyuzi laini zinazoelea mithili ya pamba, zikifuatwa na harufu ya panya. Viwanda vya mvinyo mtamu vya Australia vilisumbuliwa nao. Ukiziona nyuzi hizo, pima pH: karibu kila mara itakuwa imepita 3.8. Mvinyo uchujwe kwenye kichujio kizito, asidi ya tartari iongezwe hadi pH ishuke, potasiamu metabisalfaiti iwekwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kifungashio, na chombo kilichoutunza kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kutumika tena. Cha mbao kilichoingiliwa ni salama zaidi kukiacha. Kwa mavuno yanayofuata, daftari lifunguliwe kwenye ukurasa wa tarehe ya kuvuna, na uvunaji ufanyike juma moja mapema zaidi.